Kisima cha Wote na Mtungi wa Nyumbani: Istilahi za Vigeu vya Utungo katika Lugha za Programu

1.0 Utangulizi

Katika pwani ya kusini ya Tanzania, jina "Kilwa" likitamkwa peke yake halina maana moja. Kwa mwanaakiolojia, Kilwa ni Kilwa Kisiwani, mji wa magofu ambao pamoja na Songo Mnara uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kwa mtumishi wa halmashauri, Kilwa ni Kilwa Masoko, yaliko makao makuu ya wilaya. Kwa msomaji wa historia ya misafara ya karne ya 19 na ya utawala wa Wajerumani, ni Kilwa Kivinje. Na kwa msemaji wa Kiswahili wa Katanga, Kilwa ni bandari ya Ziwa Mweru, mbali kabisa na Bahari ya Hindi. Hata hivyo wasemaji hawa hawapotezani. Mazungumzo yanapoanza, jina hupewa thamani yake, na thamani hiyo hushikwa mpaka wazungumzaji waagane.

Jambo la namna hiyohiyo hufanyika ndani ya kompyuta. Mwandishi wa programu hutaja jina, hulipa thamani, kisha huamua thamani hiyo itaonekana na nani: sehemu zote za programu, au mtumiaji mmoja katika mazungumzo yake na mashine. Waandishi wa programu wanaotumia Kiingereza wanazo istilahi za mambo hayo. Katika Kiswahili istilahi zake bado hazijatulia, na pale zinapojaribiwa huundwa kwa kutafsiri neno badala ya kutafsiri dhana. Makala hii inadai kwamba kasoro hiyo si ya mapambo. Istilahi iliyotafsiriwa neno kwa neno humfundisha mwanafunzi jambo lisilo kweli kuhusu kazi anayoifanya. Inadai pia kwamba vifaa vya kuunda istilahi bora vimo katika lugha, na kwamba msemaji wa pwani ya Lindi anavitumia kila siku.

2.0 Dhana yenyewe

Ni vema dhana ielezwe kabla ya kutafutiwa jina. Kigeu, kwa maana ya programu, ni jina lililotengewa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika nafasi hiyo huwekwa thamani: namba, tarehe, au mfululizo wa herufi. Neno "kigeu" limekwisha zoeleka kwa watafiti wa sayansi za jamii, wanaosema "kigeu huru" na "kigeu tegemezi". Upungufu wake ni kwamba linakaribiana mno na "kigeugeu", mtu asiye na msimamo, na kwa hiyo linaweza kumfanya mwanafunzi adhani kuwa kitu hicho hujibadilisha chenyewe. Kigeu cha programu hakibadiliki mpaka kibadilishwe. Kwa kuwa neno limekwisha kubalika, hakuna faida ya kulibomoa. Inatosha mwalimu aeleze kwamba kigeu ni chombo chenye jina, nacho hubeba shehena iliyopakiwa mara ya mwisho.

Kila kigeu kina mawanda, yaani eneo ambamo jina lake linatambulika. Mawanda ya aina mbili ndiyo yanayohusika hapa. Ya kwanza ni yale ambayo kigeu huonekana na sehemu zote. Ya pili ni yale ambayo kigeu huwa cha mtumiaji mmoja tangu anapofungua mawasiliano na mashine mpaka anapoyafunga.

Mfano mzuri unapatikana katika MySQL, mfumo wa hifadhidata uliotolewa kwanza mwaka 1995. Mfumo huo una kigeu kinachoshika kanda ya saa, na thamani yake ni mfululizo wa herufi na alama, kwa mfano '+03:00' kwa saa za Afrika Mashariki. Kigeu hicho kina thamani mbili: moja ya mfumo mzima, na nyingine ya kila mtumiaji aliyeunganishwa. Mtumiaji anapojiunga, thamani ya mfumo mzima hunakiliwa na kuwa yake. Akiibadilisha ya kwake, wengine hawaguswi. Na msimamizi akibadilisha ile ya mfumo mzima, wale waliokwisha kujiunga hubaki na thamani yao ya zamani. Wanaopata thamani mpya ni wale watakaojiunga baadaye.

Wanafunzi wengi hukwama katika kanuni hiyo ya mwisho. Wao hutarajia kwamba amri ya juu hufika chini papo hapo. Hata hivyo, kanuni yenyewe si ngeni. Katika kijiji chenye kisima kimoja, kila nyumba huteka maji na kuyaweka katika mtungi wake. Kisima kikitiwa dawa leo, maji yaliyotekwa jana hayapati dawa hiyo. Aliye na mtungi uliojaa ataendelea kunywa ya jana mpaka aende kuteka tena. Na anayetia iliki katika mtungi wake hakitii iliki kisima. Mtoto wa Kivinje au wa Mchinga hahitaji kuelezwa hayo mara mbili. Anachohitaji ni istilahi itakayomkumbusha kisima na mtungi badala ya kumpeleka kwingine.

3.0 Utungo, si uzi

Istilahi ya kwanza inayohitaji uamuzi ni ile ya mfululizo wa herufi. Neno la Kiingereza linalotumika lina maana ya kawaida ya uzi au kamba, na mfasiri wa haraka atasema "uzi". Hapo atakuwa ametafsiri neno na kuiacha dhana. Uzi ni kile kinachopita ndani ya shanga. Kinachozungumzwa na mwandishi wa programu ni shanga zenyewe zikiwa zimepangwa. Wapo pia wanaosema "stringi", na wapo wanaosema "neno" au "matini". "Neno" halifai, kwa kuwa mfululizo huo unaweza kuwa sentensi nzima, au tarakimu tupu, au usiwe na kitu chochote ndani yake. Namba ya simu inayoanza na sifuri ni mfano wa wazi: ikihifadhiwa kama namba, sifuri ya mwanzo hupotea, ikihifadhiwa kama mfululizo wa alama, hubaki.

Kiswahili kina kitenzi "tunga", ambacho maana yake ya msingi ni kupitisha vitu katika uzi kwa mpango: kutunga shanga, kutunga maua, kutunga samaki. Katika utungaji wa namna hiyo mpangilio ni sehemu ya kitu chenyewe. Shanga zilezile zikipangwa vingine hutoa kitu kingine. Hiyo ndiyo sifa hasa ya dhana inayotafutiwa jina. Nomino iliyo karibu zaidi ingekuwa "mtungo", kama katika mtungo wa samaki ambao mvuvi huuza ufukweni. Bahati mbaya, katika misimu ya vijana neno hilo limebebeshwa maana ya ukatili ambayo mwalimu hawezi kuitamka mbele ya darasa bila kuona haya. Istilahi haichaguliwi kwa usahihi wa asili yake tu. Huchaguliwa pia kwa kuzingatia kinywa kitakachoitamka na sikio litakaloisikia. Kwa hiyo "utungo", wingi "tungo", ndilo linalofaa, na kwa ukamilifu "utungo wa herufi".

Wanaisimu wanaweza kupinga kwamba "tungo" tayari ni istilahi ya sarufi, inayojumuisha neno, kirai, kishazi na sentensi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linaweza kugeuzwa kuwa hoja ya kuunga mkono. Dhana mbili zinazoshiriki jina hapa zinashiriki pia sifa: zote ni vipashio vilivyopangwa kwa utaratibu. Tofauti ni kwamba mashine hupanga alama, haipangi sauti wala maana.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika jina la Ng'apa, mahali palipo katika Manispaa ya Lindi. Kwa msikilizaji, jina hilo lina sauti nne, ya kwanza ikiwa nazali ya kaakaa laini. Kwa mashine, lina alama sita, na moja ya alama hizo ni ritifaa. Katika lugha nyingi za programu, ritifaa moja hutumika kufungua na kufunga utungo. Mwandishi akiandika 'Ng'apa', mashine huona utungo wenye herufi mbili tu, Ng, umefungwa. Kinachobaki hukiona kuwa ni takataka, na kazi husimama. Ziko njia za kuliepuka tatizo, kama vile kuifanya ritifaa iwe mbili au kuzungushia utungo alama za kufunga na kufungua za aina nyingine. Asiyezijua huchagua njia iliyo rahisi na mbaya kuliko zote: huifuta ritifaa. Hapo hifadhidata huandika "Ngapa", na sauti iliyotenganisha "ng'oa" na "ngoa" huondolewa kimyakimya katika jina la mahali. Othografia ya Kiswahili haina budi kufundishwa pamoja na programu, kwa kuwa kosa la aina hiyo si la mashine. Ni la mtu ambaye hakuelezwa kwamba ritifaa ni sehemu ya herufi.

4.0 Wote na kikao

Istilahi ya pili ni ile ya mawanda mapana. Neno la Kiingereza linatokana na tufe la dunia, na wafasiri wamevutwa na dunia hiyo: "kigeu cha ulimwengu", "kigeu cha kidunia", hata "kigeu cha kimataifa". Istilahi hizo zinapotosha. Katika MySQL, mawanda hayo hayavuki mfumo mmoja unaofanya kazi. Katika PHP, lugha iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf katikati ya miaka ya 1990, kigeu cha aina hiyo kwa kawaida hufa pale programu inapomaliza kujibu ombi moja la mtumiaji, pengine baada ya sehemu ndogo ya sekunde. Kigeu cha mazungumzo ya mtumiaji, ambacho PHP ilianza kukihudumia katika toleo lake la 4 la mwaka 2000, huhifadhiwa kutoka ombi moja hadi jingine. Kwa maneno mengine, kile kinachoitwa cha dunia huishi muda mfupi kuliko kile cha mtu mmoja. Mwanafunzi aliyefundishwa "kigeu cha ulimwengu" atakuwa na haki ya kushangaa.

"Kigeu cha jumla" ni afadhali, lakini "jumla" katika hesabu ni matokeo ya kujumlisha, na hakuna jina ambalo mwandishi wa programu wa Kiswahili atalitumia mara nyingi kuliko hilo kwa vigeu vya hesabu zake. "Kigeu cha umma" nalo lina tatizo, kwa sababu lugha nyingi za programu zinahitaji istilahi nyingine ya kutofautisha kilicho wazi na kilicho cha faragha. Linalobaki ni neno jepesi na la kale: "wote". Kigeu cha wote ni kama kisima cha wote. Neno hilo halitaji ukubwa, linataja ushirika. Swali "wote wa wapi?" hubaki wazi, na jibu lake hutegemea mawanda ya lugha inayohusika, jambo ambalo ndilo sahihi.

Istilahi ya tatu ni ile ya mazungumzo ya mtumiaji na mashine. Hapa ushindani ni kati ya "sesheni", "kipindi" na "kikao". "Kipindi" ni kipande cha muda kilichopimwa: kipindi cha somo, kipindi cha redio, kipindi cha mvua. Kinachozungumzwa hapa hakipimwi hivyo. Katika PHP, kwa mpangilio wake wa kawaida, taarifa za mtumiaji huweza kuhesabiwa kuwa taka baada ya sekunde 1,440, yaani dakika 24. Lakini dakika hizo huhesabiwa tangu taarifa zilipoguswa mara ya mwisho, si tangu mazungumzo yalipoanza. Mtumiaji anayeendelea kuuliza anaweza kukaa kutwa. Aliyenyamaza hupoteza nafasi yake. Hiyo si tabia ya kipindi. Ni tabia ya kikao. Kikao cha barazani huanza kwa hodi na kuitikiwa, huendelea maadamu watu wanazungumza, huwa na siri na makubaliano yake, na huvunjika kwa kuagana au kwa watu kuondoka mmoja mmoja. Kilichosemwa katika baraza moja si lazima kijulikane katika baraza la jirani.

Kwa hiyo jozi inayopendekezwa ni "kigeu cha wote" na "kigeu cha kikao", na tendo la kuweka ni "kupa thamani". Sentensi "Kipe kigeu cha kikao thamani ya utungo 'Masoko'" inaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta, na inamwambia mtaalamu kila anachohitaji kujua.

5.0 Madhara ya kuchanganya

Inaweza kusemwa kwamba haya ni mabishano ya maneno tu. Ichukuliwe mfano wa kubuni. Programu ya kuandikisha wagonjwa inafanya kazi mfululizo, ikiwahudumia makarani wawili kwa wakati mmoja. Mwandishi wake ameweka mahali anapotoka mgonjwa katika kigeu cha wote. Karani wa kwanza anaandika 'Kisiwani'. Kabla hajahifadhi, karani wa pili anaandika 'Masoko' kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Karani wa kwanza anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na mgonjwa wa Kisiwani anaingia katika daftari akiwa mtu wa Masoko. Hakuna onyo lililotolewa, wala hakuna aliyekosea kuandika. Ikiwa kuna ugonjwa wa mlipuko, dawa zitavushwa au hazitavushwa bahari kwa kutegemea rekodi hiyo.

Kosa hilo ni la mawanda. Lilitokea kwa sababu mwandishi alidhani kigeu cha wote ni kigeu chenye nguvu zaidi, kumbe ni chenye hatari zaidi. Neno "ulimwengu" huongeza dhana ya ukuu. Neno "wote" humkumbusha mtu kwamba wengine nao wanateka hapo. Istilahi nzuri haizuii kosa, lakini huweka tahadhari ndani ya jina.

6.0 Hoja ya mkopo

Hoja nzito zaidi dhidi ya pendekezo hili ni kwamba Kiswahili hukopa, na kimekuwa kikikopa kwa karne nyingi bila kudhurika. Ziliundwa "ngamizi" na "tarakilishi". Wasemaji wengi wa Tanzania wakaendelea kusema "kompyuta". Kwa nini basi wasiachiwe "stringi" na "sesheni"? Zaidi ya hayo, shule za sekondari nchini Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Lindi atasoma vitabu vya programu kwa lugha hiyo vyovyote vile.

Jibu ni kwamba mkopo hufaa pale ambapo jina ni la kitu kinachoonekana. Kompyuta ipo mezani. Jina lolote litaielekea. Mawanda hayaonekani. Ni uhusiano kati ya jina na wale wanaoruhusiwa kulitumia, na uhusiano hueleweka kwa kulinganishwa na uhusiano mwingine ambao mtu anaujua. "Sesheni" haimpi mwanafunzi cha kulinganisha. "Kikao" humpa baraza zima. Wala istilahi hizi hazimzuii kusoma Kiingereza. Zinampa mahali pa kusimama anapokisoma.

Uzoefu unaonyesha kuwa kazi hiyo inawezekana. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Lakini kazi ya namna hiyo humhudumia mtumiaji wa programu: menyu, vitufe, ujumbe wa makosa. Mwandishi wa programu bado anasubiri. Yeye naye anao uhuru ambao hautumii: katika lugha nyingi maneno ya amri hubaki Kiingereza, lakini majina ya vigeu huchaguliwa na mwandishi. Hakuna kinachomzuia kuandika jina_la_mji au saa_ya_kikao. Darasa linaloanza hapo halihitaji kusubiri sera mpya.

7.0 Lugha yenyewe kama kigeu

Kuna sababu ya mwisho ya wanaisimu kulitazama suala hili. Kompyuta huitambua lugha ya mtumiaji kwa kigeu cha utungo. Kwa Kiswahili utungo wa msingi ni herufi mbili, sw, na huweza kufuatiwa na nchi: TZ, KE, UG au CD. Thamani hiyo ikiwekwa kwa wote, kila anayejiunga huanza nayo. Orodha hiyo inatofautisha mataifa. Haitofautishi pwani na pwani. Kimgao, lahaja ya pwani ya kusini kuanzia Kilwa, hakina utungo wake katika orodha hiyo.

Hali hiyo ina historia ndefu kuliko kompyuta. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, kilichofanyika kilikuwa kukipa kigeu cha wote thamani mpya. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa makubwa, na makala hii yenyewe isingeandikika bila huo. Lakini vikao vilivyokuwa wazi Kilwa na Lindi havikufungwa siku hiyo. Wazee waliendelea kuzungumza kwa thamani waliyoikuta, na watoto walioingia shuleni wakaanza na thamani mpya. Kikao cha zamani hakikuvunjwa na amri. Kinavunjika kila anapoondoka mzungumzaji wake mmoja. Asiyeielewa kanuni hii hudhani kwamba lahaja imekufa kwa sababu sanifu imetangazwa, au kwamba sanifu imeshindwa kwa sababu lahaja bado inasikika. Yote mawili ni makosa ya mawanda.

8.0 Hitimisho

Yanayopendekezwa ni machache. Vyombo vinavyosimamia istilahi, BAKITA na TATAKI vikiwa mbele, vipokee istilahi za programu kwa jozi na kwa makundi badala ya neno mojamoja, kwa kuwa "cha wote" haina maana bila "cha kikao". Kila istilahi ijaribiwe kwa kanuni inayoieleza: ikiwa mwanafunzi anaweza kukisia tabia ya kigeu kutokana na jina lake, istilahi imefaa; ikiwa jina linampeleka kinyume, iachwe hata kama kamusi imekwisha ichapa. Na majaribio hayo yasifanywe Dar es Salaam pekee. Yafanywe pia Kivinje, Masoko na Lindi, ambako jina moja la mji limebeba thamani zaidi ya moja kwa muda mrefu, na watu wamejifunza kuuliza, kabla ya kuendelea na mazungumzo: "Kilwa ipi?"